KLABU YA PIKIPIKI NA UWANJA WAKE: NANI HULIPA, NA NANI HUMILIKI?



Katika ziara zangu za ukaguzi huko Kiwalani nilialikwa kuhudhuria mkutano wa chama kimoja cha msingi cha waendesha bodaboda. Ajenda ya mwisho ilikuwa ombi la vijana. Walitaka wapewe shilingi milioni sita kutoka katika akiba ya chama ili watengeneze uwanja wa motokrosi, yaani mashindano ya pikipiki katika njia ya udongo yenye matuta na kona. Mwenzao mmoja alikuwa amevunjika mguu akiruka lundo la mchanga kando ya barabara, usiku, bila kofia ngumu, tena akiwa juu ya pikipiki ya mkataba. Mguu wake umeunga, lakini deni la pikipiki lingali palepale. Vijana walisema kwamba kuruka wataruka tu, na afadhali waruke mahali pa halali. Wazee walijibu kwamba akiba ya chama si fedha ya kuchezea. Mwenyekiti aliahirisha uamuzi hadi Mkutano Mkuu, akaniomba nieleze jinsi klabu za namna hii zinavyoendeshwa kwingineko, na fedha zake hutoka wapi.

Naona pande zote mbili zina hoja. Kwa kuwa vyama vingine navyo vina vijana wenye ari hiyo hiyo, nimeona yafaa majibu yangu yatolewe katika jarida hili ili yawafikie wote.

1. CHANZO CHA MCHEZO HUU

Motokrosi ilianza Uingereza. Mwezi Machi 1924 waendesha pikipiki walikutana katika mbuga ya Camberley, kusini mwa nchi hiyo, wakashindana kupita kwenye vilima, mchanga na matope. Mchezo ukaenea Ubelgiji, Ufaransa na Uholanzi, na huko ndiko ulikopata jina lake la sasa. Mwaka 1947 yalifanyika Uholanzi mashindano ya kwanza ya mataifa, na mwaka 1957 Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki, FIM, liliyapa mashindano ya mchezo huu hadhi ya ubingwa wa dunia. Shirikisho hilo lenyewe ni la tangu mwaka 1904.

Katika Afrika Mashariki mchezo huu umeshika mizizi zaidi Kenya na Uganda. Nairobi huchezwa Jamhuri Park, kwenye eneo la viwanja vya maonyesho ya kilimo. Uganda huchezwa Busiika katika wilaya ya Luwero, na Garuga karibu na Ziwa Victoria, upande wa Entebbe. Watoto huanza na pikipiki ndogo za cc 50, wakapanda hadi cc 65 na cc 85, na baadaye wakaingia madaraja ya watu wazima.

Yapasa ifahamike mapema kwamba pikipiki ya motokrosi si pikipiki ya bodaboda. Ya motokrosi ni nyepesi, haina taa wala vioo, na springi zake huweza kubonyea kiasi cha sentimeta 30 inapotua kutoka hewani. Ya bodaboda imeundwa kubeba abiria barabarani. Ikirushwa juu ya tuta mara kwa mara, fremu, rimu na springi huharibika, na mwenye kuilipia hubaki na deni bila chombo.

2. MUUNDO WA KLABU

Muundo wa mchezo huu hautakuwa mgeni kwa mwanaushirika. Chini kabisa yupo mwanachama. Wanachama huunda klabu, klabu huunda shirikisho la taifa, na mashirikisho ya mataifa hukutana katika FIM, ambayo ina tawi lake la Afrika. Nchini Uganda chombo cha taifa huitwa Shirikisho la Klabu za Michezo ya Magari, na jina hilo laonyesha kwamba wenye shirikisho ni klabu. Ndivyo ilivyo kwetu pia: chama cha msingi ndicho chenye mali, na chama kikuu hutumwa na vyama vya msingi.

Klabu ndogo huwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kamati yenye kazi maalumu: mmoja husimamia uwanja, mwingine usalama, mwingine usajili wa washindani. Shirikisho huweka kanuni za mchezo, hutoa leseni za washindani, hupanga kalenda ya mwaka na hukagua uwanja kabla ya mashindano kuruhusiwa. Klabu ndiyo hutafuta ardhi, huchonga njia, huandaa siku ya mashindano na hubeba hasara ikitokea.

Kwa sheria za nchi yetu, klabu ya michezo husajiliwa na Msajili chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967. Chama cha ushirika husajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Hivi ni vyombo viwili tofauti. Mtu mmoja aweza kuwa mwanachama wa vyote viwili, lakini vitabu viwe mbalimbali, akaunti za benki mbalimbali, na stakabadhi mbalimbali. Katika kazi yangu nimekuta chama ambacho timu yake ya mpira ilikuwa ikilipiwa jezi na nauli kutoka katika sanduku la mikopo. Hakuna aliyeiba, lakini kwa kuwa hapakuwa na hati za malipo, mwisho wa mwaka hakuna aliyeweza kuthibitisha kuwa hakuiba, na mweka hazina akaondoka na aibu isiyo yake.

3. ARDHI

Uwanja wa motokrosi wahitaji nafasi kubwa. Njia ya mashindano ya kimataifa huwa na urefu wa kilometa moja na nusu hivi. Ya klabu ndogo yaweza kuwa fupi zaidi, lakini bado patahitajika mahali pa kutengenezea pikipiki, pa watazamaji, pa magari na pa gari la wagonjwa kupita bila kizuizi.

Klabu za kwingineko hupata ardhi kwa njia tatu. Ya kwanza ni kukodi kwa siku chache. Nchini Uingereza sheria ya mipango miji huruhusu shamba litumike kwa mbio za pikipiki kwa siku zisizozidi 14 kwa mwaka bila kuomba kibali cha kubadili matumizi ya ardhi. Kwa hiyo klabu nyingi huko hazina uwanja kabisa. Hukodi malisho ya mkulima kwa Jumapili moja, huweka vigingi na kamba, hushindana, kisha hung'oa kila kitu na kumwachia mkulima shamba lake. Njia ya pili ni kutumia uwanja wa taasisi nyingine, kama Jamhuri Park. Ya tatu ni ardhi ya kudumu, ya klabu yenyewe au ya mtu binafsi anayeupenda mchezo.

Kila njia ina hatari yake. Mkulima aweza kuuza shamba. Taasisi yaweza kuhitaji eneo lake. Mtu binafsi aweza kufariki, na warithi wasitake kelele. Kelele na vumbi ndivyo vilivyofunga viwanja vingi vya Ulaya, hasa Ubelgiji, baada ya makazi kusogea karibu na majirani kulalamika.

Sisi wa Kiwalani tumezungukwa na nyumba, viwanda na uwanja wa ndege. Kuweka motokrosi hapa ni kutafuta ugomvi na jirani mwenye mtoto mchanga na jirani anayelala mchana baada ya zamu ya usiku. Mahali panapofaa ni pembezoni, kwa mfano upande wa Chanika, Kisarawe au Mkuranga, na hasa penye shimo la mchanga lililoachwa, kwa maana kuta za shimo huzuia sauti na ardhi yake haina mazao ya kuharibu. Hata huko, mkataba uwe wa maandishi, utaje miaka, kodi, na nani atarudisha ardhi katika hali yake. Uongozi wa mtaa au kijiji ushirikishwe tangu mwanzo, na masharti ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yaulizwe kabla tingatinga halijafika.

Tukumbuke pia mfano wa nyumbani. Yanga ni ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936. Zina mashabiki nchi nzima, hata hivyo kwa miaka mingi zimecheza mechi zao kubwa katika viwanja vya Serikali. Ikiwa vigogo hao wamecheza katika uwanja wa wengine, si aibu kwa klabu changa kuanza kwa kukodi.

4. FEDHA

Watu wengi hudhani kwamba klabu huishi kwa viingilio vya mlangoni. Sivyo. Nitaeleza kwa hesabu ya mfano. Bei hizi nimezibuni ili kuonyesha njia ya kukadiria. Kila klabu itaweka bei zake yenyewe baada ya kuuliza.

Tuchukue klabu ya wanachama 40 inayoandaa mashindano mara nne kwa mwaka. Mapato ya siku moja yatakuwa hivi:

Washindani 30, kila mmoja Sh. 20,000: Sh. 600,000
Watazamaji 300, kila mmoja Sh. 2,000: Sh. 600,000
Malipo ya mama lishe na maegesho ya magari: Sh. 150,000
Jumla: Sh. 1,350,000

Na matumizi ya siku hiyo hiyo:

Kodi ya ardhi: Sh. 200,000
Tingatinga la kutengeneza njia: Sh. 400,000
Boza la maji la kutuliza vumbi: Sh. 160,000
Gari la wagonjwa na mganga: Sh. 250,000
Bima: Sh. 300,000
Vyoo na ulinzi: Sh. 150,000
Zawadi: Sh. 200,000
Jumla: Sh. 1,660,000

Siku moja imeleta upungufu wa Sh. 310,000, na siku nne zitaleta upungufu wa Sh. 1,240,000. Ni nani atakayeuziba? Ni ada ya mwanachama. Wanachama 40 wakilipa Sh. 5,000 kila mwezi, mwaka mzima watatoa Sh. 2,400,000. Ukiondoa upungufu, zitabaki Sh. 1,160,000 za matengenezo na akiba. Mvua ikinyesha siku moja na watazamaji wakapungua nusu, zitabaki Sh. 860,000. Klabu itayumba lakini haitaanguka.

Sasa tuitazame klabu hiyo hiyo ikiwa nusu ya wanachama hawalipi ada. Itapata Sh. 1,200,000 tu, nayo haitoshi hata kuziba upungufu, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa hiyo mtu akitaka kujua kama klabu itadumu, asihesabu watazamaji. Afungue daftari la ada.

Mapato mengine yapo. Klabu nyingi hutoza malipo ya mazoezi kwa wasio wanachama katika siku za kawaida. Nyingine huendesha mafunzo ya watoto. Kalenda nayo ni fedha: kwetu Pwani, mashindano yakipangwa katika masika, kati ya Machi na Mei, tope litakula fedha ya tingatinga na watazamaji hawatafika. Miezi ya kiangazi ndiyo yenye manufaa, ingawa gharama ya boza hupanda.

5. KAZI YA KUJITOLEA

Katika hesabu ile kuna kitu sikukiandika. Siku ya mashindano yahitaji watu wasiopungua 25: wa usajili, wa kukagua pikipiki, wa kuhesabu mizunguko, wa mlangoni, na zaidi ya wote washika bendera. Kila mmoja akilipwa Sh. 20,000, siku moja itagharimu Sh. 500,000 zaidi, na siku nne Sh. 2,000,000. Ile baki ya Sh. 1,160,000 itageuka kuwa hasara ya Sh. 840,000, na klabu itakufa mwaka wake wa kwanza.

Klabu za ngazi ya chini, hapa Afrika na huko Ulaya, husimama kwa sababu kazi hizi hufanywa na wanachama, wazazi na jamaa zao bila malipo. Klabu zenye busara huandika jambo hili katika katiba: mwanachama asiyefanya zamu kadhaa kwa mwaka haruhusiwi kushindana, au hulipa ada kubwa zaidi. Zamu ziandikwe katika daftari kama zinavyoandikwa hisa, kwa sababu nazo ni mtaji.

6. USALAMA

Mshika bendera si pambo. Mshindani anayepaa juu ya tuta haoni upande wa pili. Mwenzake akiwa ameanguka hapo chini, kitu pekee cha kumwokoa ni mtu mwenye bendera ya manjano. Ikipungwa, mshindani hana budi kupunguza mwendo, asiruke wala asimpite mwenzake. Bendera nyekundu husimamisha mashindano yote. Ya buluu humwonya aliyeachwa nyuma kwamba anakaribia kupitwa na walio mzunguko mmoja mbele yake. Nyeupe yenye msalaba mwekundu huashiria kwamba waganga wako njiani. Ya mirabamiraba nyeusi na nyeupe ni ya kumaliza. Kila mwanachama, hata asiyeshindana, azijue kwa moyo.

Kabla ya kuanza, kila pikipiki hukaguliwa breki, na mkono wa mafuta uhakikishwe kuwa hurudi wenyewe unapoachiwa. Kila mshindani avae kofia ngumu, miwani, buti ndefu, glavu na kinga za kifua na magoti. Gari la wagonjwa likiondoka na majeruhi, mashindano husimama hadi lirudi au lije jingine. Kanuni hii huwaudhi watazamaji waliolipa kiingilio, lakini haina msamaha.

Kuhusu bima, nasisitiza neno moja. Bima ya kawaida ya barabarani kwa desturi haihusishi mashindano. Mwenye bodaboda akiumia uwanjani, asitarajie kulipwa kwa stika ya bima ya pikipiki yake. Klabu itafute bima ya tukio na ya washindani, isomwe kwa sauti mbele ya wanachama, na ijulikane inalipa nini na hailipi nini.

7. WAFADHILI

Wauza pikipiki, wauza vilainishi na kampuni za vinywaji hupenda kutundika mabango yao penye watu. Fedha zao zipokewe kwa shukrani na kwa mkataba, lakini zisiwe msingi. Mfadhili huangalia faida yake, na mwaka ambao biashara yake itakuwa mbaya ataondoka bila kosa lolote. Fedha za mfadhili zitumike kwa mambo ambayo yakikosekana klabu itaendelea kuwapo: zawadi kubwa, vipaza sauti, fulana. Kodi ya ardhi, bima na gari la wagonjwa vilipwe kwa fedha za wanachama. Klabu ambayo gari lake la wagonjwa hulipwa na mfadhili, siku mfadhili atakapochelewesha hundi, itajaribiwa kushindana bila gari hilo.

8. USHAURI WANGU KWA MKUTANO MKUU

Baada ya maelezo haya, narudi kwenye ombi la vijana wa Kiwalani. Ushauri wangu ni kwamba chama kisitoe shilingi milioni sita kutoka katika akiba. Akiba hiyo ni kinga ya wanachama wote, wakiwamo wasiotaka kuruka matuta, na matumizi yake yana mipaka ya sheria na masharti ya chama. Zaidi ya hayo, fedha hizo zingemwagwa katika tingatinga juu ya ardhi isiyo na mkataba, kwa niaba ya klabu isiyo na daftari la ada.

Lakini kukataa tu na kuondoka hakutoshi. Kijana aliyevunjika mguu ni mwanachama wetu, na lundo la mchanga bado lipo kando ya barabara. Miongoni mwa misingi saba ya ushirika iliyokubaliwa kimataifa mwaka 1995 umo msingi wa kuijali jamii. Kwa hiyo napendekeza yafuatayo:

(a) Vijana waunde klabu yao, waandike katiba na kuisajili kwa Msajili wa michezo. Chama kiwasaidie kwa ushauri, chumba cha mikutano na mafunzo ya kutunza vitabu.

(b) Kwa miezi sita klabu ikusanye ada kabla ya kuandaa lolote. Mwisho wa miezi hiyo daftari lisomwe. Wakiwa wanachama 40 na wote wamelipa Sh. 5,000 kila mwezi, watakuwa na Sh. 1,200,000 zao wenyewe, na hapo watazungumza na mwenye ardhi kama watu wenye uwezo.

(c) Waanze kwa kukodi siku moja, wala wasijenge. Watembelee kwanza klabu yenye uzoefu wajifunze kushika bendera kabla ya kujifunza kuruka.

(d) Pikipiki ya mkataba, au iliyonunuliwa kwa mkopo wa chama ambao haujamalizika kulipwa, isiingie uwanjani kabisa. Sharti hili liandikwe katika katiba ya klabu na katika hati ya mkopo. Klabu inunue pikipiki moja au mbili zilizotumika za mazoezi, ziwe mali ya wote, na zitumike kwa zamu.

(e) Mkutano Mkuu ukiridhika na mwenendo wa klabu, waweza kuidhinisha mchango mdogo kutoka katika fungu la huduma kwa jamii, kama masharti ya chama yana fungu hilo, kwa kiasi kilichotajwa katika makadirio ya mwaka na kwa kazi moja iliyotajwa kwa jina. Mimi ningechagua gari la wagonjwa.

Wazee watasema njia hii ni ndefu kwa vijana wenye haraka. Ni kweli ni ndefu. Lakini kijana atakayevumilia kulipa ada miezi sita na kusimama juani na bendera ya manjano ili mwenzake asigongwe, huyo ameshajifunza ushirika, na siku atakapokuja kuomba mkopo tutakuwa tunamjua. Asiyeweza kuvumilia hayo, milioni sita zisingemfaa kitu.

Mwenye kauli ya mwisho ni Mkutano Mkuu. Naomba kila mwanachama aje akiwa ameisoma hesabu ya sehemu ya nne, na aje na bei halisi alizoziuliza mwenyewe, ili tuamue kwa tarakimu.